MISHENI: SAFARI YA NENO KUTOKA KUTUMWA HADI MAHALI
Ushuhuda wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

UTANGULIZI

Mkazi wa Litembo, Kigonsera au Liuli asemapo, "Nakwenda misheni," hakuna amwulizaye maana yake. Anakwenda mahali panapojulikana: penye kanisa la matofali, shule, zahanati au hospitali, karakana ya useremala, na kengele isikikayo ng'ambo ya bonde. Watoto huzaliwa misheni, vijana husomeshwa misheni, na wazee huzikwa misheni. Kwa masikio ya watu wa milima ya Umatengo na mwambao wa Nyasa, misheni ni mahali.

Lakini neno hilo, katika lugha lilikozaliwa, halikutaja mahali popote. Lilitaja tendo la kutuma. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi neno la Kiingereza "mission" lilivyopata maana zake, jinsi lilivyoingia katika Kiswahili, na jinsi historia ya Mbinga na ya mwambao wa ziwa (ambao tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Nyasa) ilivyoligeuza neno la mwendo kuwa neno la mahali. Jambo hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Kanisa linalodhani kwamba misheni ni mahali litasema misheni imekufa siku majengo yake yanapochakaa, au siku wageni walioyajenga wanaporudi kwao. Maneno ya namna hiyo husikika katika sharika zetu, na mchungaji kijana anayepelekwa huko hana budi kuyajibu.

1. ASILI YA NENO

Shina la neno hili ni kitenzi cha Kilatini mittere, yaani kutuma au kuachilia. Kutokana nacho lilipatikana jina missio, yaani tendo la kutuma. Kutokana na kitenzi hicho hicho lilipatikana pia neno missa, lililohusu ruhusa ya kuondoka itolewayo mwisho wa ibada, ambalo kwetu limekuwa "misa". Hivyo basi, Mkatoliki wa Mbinga aendaye misheni kusali misa hutamka maneno mawili ya ukoo mmoja, na yote mawili kwa asili humwambia aondoke aende.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja wanatheolojia wa Magharibi walilitumia neno missio kwa habari za Mungu mwenyewe. Agostino, alipoandika juu ya Utatu, na Thomas Aquinas katika karne ya 13, walieleza kwa neno hilo jinsi Baba alivyomtuma Mwana, na jinsi Roho Mtakatifu anavyotumwa (Gal. 4:4–6). Katika matumizi hayo mtumaji ni Mungu, na atumwaye naye ni Mungu. Mwanadamu hakuwa na misheni yake. Alikuwa mpokeaji wa ile ya Mungu.

Mabadiliko yalikuja katika karne ya 16. Shirika la Yesu, lililokubaliwa na Papa mwaka 1540, liliweka nadhiri ya pekee ya kumtii Papa kuhusu safari ambazo angewatuma watawa wake. Safari hizo waliziita missiones. Kwa njia hiyo neno lilishuka kutoka Utatu likawa jina la kazi ya watu waliotumwa nchi za mbali. Kiingereza kililipokea mwishoni mwa karne hiyo, kwanza kwa habari za Wajesuiti hao. Katika karne ya 17 likatumika pia kwa ujumbe wa wafalme na mabalozi, na kwa shughuli yoyote ambayo mtu ametumwa kuitenda. Katika karne ya 18, wakati Wafransisko wa Hispania walipoanza kujenga vituo vyao huko California kuanzia mwaka 1769, neno lilikuwa limekwisha kupata maana ya nne: kituo chenyewe, yaani nyumba, mashamba na ukuta. Tunaona kwamba mgeuko wa kutoka tendo hadi mahali haukuanzia kwetu. Neno lilikuja Afrika likiwa tayari na mbegu ya maana hiyo.

Walutheri walichelewa kulipokea. Luther alipenda kusema juu ya wito, na Ungamo la Augsburg, katika vifungu vya 5 na 14, linataja huduma ya Neno na wito ulio halali, bila kutaja misheni kwa maana tuliyoizoea. Katikati ya karne ya 17 kitivo cha theolojia cha Wittenberg kilifikia hatua ya kufundisha kwamba agizo la kwenda ulimwenguni kote liliwahusu mitume peke yao, na kwamba lilikoma pamoja nao. Ilikuwa mwaka 1706 ndipo Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau walipofika Tranquebar, India, wametumwa na mfalme wa Denmark. Chama cha Misheni cha Berlin kilianzishwa mwaka 1824. Hapa Afrika Mashariki Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumikia chama cha Kianglikana, alifika Mombasa mwaka 1844. Kwa hiyo sisi Walutheri tulilipokea neno hili kwa mkono wa vyama, na kwa miaka mingi vyama hivyo, wala si makanisa, ndivyo vilivyohesabiwa kuwa watumaji.

2. UKOO WA KUTUMA KATIKA KISWAHILI

Neno "misheni" lilipofika, Kiswahili hakikuwa kitupu. Kitenzi kutuma ni cha Kibantu cha kale. Sura zake hupatikana katika Kizulu, lugha iliyo ndugu wa ile waliyosema mababu wa Wangoni, na pia katika Chinyanja cha ziwani. Kutokana nacho Kiswahili kimezaa ukoo mkubwa: mtume na utume, mtumishi na utumishi, tumika na tumia, na tena mtumwa na utumwa.

Inafaa tutue katika maneno hayo ya mwisho. Mtumwa, kwa umbo la neno, ni mtu anayetumwa na mwingine, asiye na nafasi ya kukataa. Pwani yetu ililitumia neno hilo kwa mtu aliyenunuliwa na kuuzwa. Mtume naye ni aliyetumwa. Ni jina la heshima ambalo Waislamu wa pwani walimpa Muhammad, na ambalo watafsiri wa Biblia walilichagua kwa wale Thenashara na kwa Paulo. Katika Warumi 1:1 maneno hayo mawili yamekaa karibu, kwani Paulo anajitaja kuwa mtumwa wa Kristo na mtume kwa pamoja. Katika Kiyunani maneno doulos na apostolos hayana undugu wowote. Katika Kiswahili ni watoto wa mama mmoja. Msomaji wetu husikia jambo ambalo msomaji wa Kiyunani hakulisikia: kwamba wote wawili hutumwa, na tofauti yao imo katika yule awatumaye na namna awatumavyo.

Ng'ambo ya ziwa mambo ni tofauti kidogo. Katika Chinyanja mtume huitwa mtumwi, bali mtumwa wa kununuliwa huitwa kapolo, neno lisilo na uhusiano na kutuma. Mtu wa mwambao wa mashariki, aliyesikia Chinyanja kanisani na Kiswahili sokoni, aliishi kati ya lugha mbili zilizouhesabu ukoo huu kwa namna mbili.

Kwa nini basi vituo vya wainjilisti havikuitwa "utume"? Jibu ni jepesi. Utume ni jina la kazi, na watu walihitaji jina la kitu walichokiona kwa macho: nyumba ngeni juu ya kilima. Neno geni lilikifaa kitu kigeni. Nalo lilikuja kwa njia mbili. Waliolipokea kwa Waingereza walisema "misheni". Walioathiriwa na Kilatini na Kijerumani waliandika "misioni", na ndiyo maana Wakatoliki husema "wamisionari", nasi katika KKKT tumezoea kusema "Misioni na Uinjilisti". Katika mazungumzo ya kila siku "misheni" imeshinda.

3. LIKOMA NA LIULI: MISHENI ILIYOSAFIRI

Livingstone alilifikia Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1859. Wakati huo majahazi yalikuwa yakivusha watumwa kutoka magharibi hadi mwambao wa mashariki, na kutoka hapo wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa. Hotuba aliyoitoa Cambridge mwezi Desemba 1857 ilikuwa imekwisha kuzaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862, na misheni hiyo ikahamia Unguja, ambako mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa penye soko la watumwa. Huko, na huko Frere Town karibu na Mombasa tangu mwaka 1875, neno misheni lilipata maana iliyoeleweka na kila mtu: mahali ambapo mtumwa aliyekombolewa alipewa nyumba. Tusiidharau maana hiyo ya mahali. Kwa mtu aliyekuwa mali ya mwingine, misheni ilikuwa mahali pa kwanza palipomhesabu kuwa mtu.

Katikati ya miaka ya 1880 Waanglikana hao waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma. Toka hapo walihudumia vijiji vya mwambao wa mashariki, ambao sehemu yake ya kusini ilishikwa na Wareno na ya kaskazini na Wajerumani. Chombo chao kilikuwa meli. Ya kwanza, Charles Janson, ilishushwa majini mwaka 1885, ikapewa jina la padre aliyefariki mwaka 1882 mara tu baada ya kulifikia ziwa. Ya pili, Chauncy Maples, ilishushwa mwaka 1901 kwa kumbukumbu ya askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ilikuwa na kanisa ndani yake.

Mtu aliyeishika kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko wote ni William Percival Johnson. Alizaliwa mwaka 1854, akaja Afrika mwaka 1876, akaanza kazi ya ziwani mwaka 1882. Ugonjwa wa macho ulimwacha karibu kipofu, naye akaendelea kwa zaidi ya miaka 40, akipita kijiji kwa kijiji kwa meli na kwa miguu, na kuifasiri Biblia katika Chinyanja. Alifariki mwaka 1928 huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, na kaburi lake liko huko. Katika maisha ya namna hiyo neno "misheni" lilikaribia sana maana yake ya kwanza. Watu wa vijiji vya ziwani waliona misheni ikifika, ikikaa kidogo, na kuondoka. Iliyobaki kijijini ilikuwa shule ya majani na mwalimu mwenyeji.

4. PERAMIHO NA KIGONSERA: MISHENI ILIYOJENGWA

Milimani na katika nchi ya Wangoni neno lilijifunzwa kwa namna nyingine. Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika lililoanzishwa mwaka 1884, walifika pwani mwaka 1888 wakajenga Pugu, kituo kilichoshambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Bushiri. Mwaka 1898 Cassian Spiss alianzisha Peramiho, na mwaka 1899 kikafuata kituo cha Kigonsera, ambacho kimo katika Mbinga. Mtawa wa Benedikto huweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja. Kwa hiyo misheni ya Kibenediktini ilikuwa, kwa kanuni yake yenyewe, mahali: sala, shamba, karakana na shule ndani ya uwanja mmoja.

Faida yake hatuna haja ya kuieleza kirefu kwa wasomaji wanaoifahamu nchi hiyo. Mafundi seremala na waashi, wauguzi, walimu na mapadre wa Umatengo walitoka humo, na Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, limesimama juu ya msingi huo. Lakini mahali huwa na mpaka, na mpaka huwatenga watu kuwa wa ndani na wa nje. Vilevile mahali huwa na mwenyewe. Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alichoma kibanda ambamo Nkosi Mputa Gama aliwaheshimu mahoka, yaani mizimu ya wazee wake. Tendo hilo halikuwa la mtu aliyejiona ametumwa kwa watu. Lilikuwa la mtu aliyejiona ana mamlaka juu ya nchi. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Peramiho ilichomwa moto na Leuthner akauawa. Askofu Spiss alikuwa amekwisha kuuawa tarehe 14 Agosti mwaka huo, akiwa safarini karibu na Liwale.

Tarehe 27 Februari 1906 Mputa na wakuu wengine wa Wangoni walinyongwa Songea. Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliwaendea wafungwa kabla ya kifo, na baadhi yao aliwabatiza. Mwanahistoria anaweza kuuliza maswali mengi juu ya ubatizo uliotolewa chini ya kamba ya serikali, na ana haki ya kuuliza. Lakini tuangalie jambo moja. Misheni ya mahali ilikuwa majivu. Kilichosalia kilikuwa mtu mmoja aliyetoka kwenda gerezani kwa watu ambao upande wao ulikuwa umewaua ndugu zake. Wakati huo, pasipo paa wala kengele, neno lilirudi kwa muda katika maana yake ya asili.

5. "MISHENI YATIMA"

Sisi Walutheri tulifundishwa jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Chama cha Berlin kilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka ule ule walipofika Wamoraviani, kikaenea Ukinga na Ubena. Vita Kuu ya Kwanza ilipoikumba nchi, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, Walutheri na Wabenediktini vilevile. Wa Berlin hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1940 mambo yakajirudia, na makanisa ya Kilutheri ya Marekani na ya Sweden yakachukua dhamana ya kazi iliyoachwa.

Katika maandiko ya Walutheri wa nchi za nje kazi hizo zilipewa jina la "misheni yatima". Jina hilo lilitolewa kwa huruma, na msaada uliofuata ulikuwa wa kweli. Hata hivyo lina dosari ambayo historia ya neno letu inaifichua. Yatima ni mtoto aliyefiwa na wazazi. Je, Wakristo wa Ukinga na Ubena walifiwa? Walimu na wazee wenyeji waliendelea kuhubiri, kufundisha katekisimu na kuzika wafu. Mtumaji hakufa. Walioondoka ni watumwaji wenzao. Ni pale tu misheni inapohesabiwa kuwa mali ya wageni ndipo kuondoka kwao kunapoitwa uyatima.

Theolojia ya ulimwengu ilichelewa kulitambua hilo. Mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misioni uliofanyika Willingen, Ujerumani, mwaka 1952 ulilirudisha neno kwa mwenyewe, na fikra yake ikajulikana kwa jina la missio Dei, yaani utume wa Mungu. Georg Vicedom, Mlutheri wa Neuendettelsau, aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1958. Miaka 11 baada ya Willingen, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya alitoa mwito kwamba kupelekwa kwa wamisionari na fedha Afrika kusitishwe kwa muda, na mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka mwaka 1974 ukauunga mkono. Wengi waliudhika. Lakini kwa mujibu wa historia ya neno, mwito huo ulikuwa na swali la haki: je, anayepokea tu siku zote, bila kutuma, amekwisha kuelewa misheni ni nini?

Kwetu nyumbani shule nyingi za misheni zilitwaliwa na serikali kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Wazee walisema misheni imenyang'anywa. Majengo kweli yalitwaliwa.

6. NENO MITAANI NA MAOFISINI

Wakati Kanisa likijadiliana hayo, neno lilitoroka likaenda mjini. Katika miaka ya uhaba na ya mageuzi ya uchumi, mtu aliyeishi kwa kupatanisha biashara za watu bila kuwa na kazi maalumu aliitwa Dar es Salaam "mishentauni", na siku hizi vijana husema "niko kwenye mishemishe". Wapo wahubiri wanaokerwa na matumizi hayo. Sisi tunaona kwamba vijana hao, bila kujua, wamelirudisha neno katika mwendo: mishemishe ni kwenda huku na huko kwa shughuli. Kinachokosekana ni mtumaji, kwa sababu anayehangaika mjini amejituma mwenyewe, na mara nyingi amesukumwa na njaa.

Maofisini nako neno limekuja tena, likifasiriwa "dhamira" au "dhima" na kubandikwa ukutani karibu na "dira". Dayosisi nazo zimeiga. Hakuna ubaya, mradi tukumbuke kwamba dhamira hutungwa na kamati, lakini utume hupokewa.

HITIMISHO

Tumeona neno likitoka katika Utatu, likapita kwa watawa, mabalozi na vyama, likafika mwambao wa Nyasa kwa meli na milima ya Umatengo kwa matofali. Hatupendekezi kulifuta. Mkazi wa Litembo ataendelea kwenda misheni, na ni vema aende, kwa kuwa huko ndiko alikopata shule na dawa. Tunapendekeza kwamba kila "misheni" yetu isomwe pamoja na ukoo wa kutuma uliomo katika lugha yetu wenyewe.

Ukoo huo una pande mbili, nao mwambao ule umeziona zote. Yuko atumwaye kwa nguvu, ambaye jina lake ni mtumwa. Na yuko atumwaye kwa upendo, ambaye jina lake ni mtume. Leuthner na kibanda cha mahoka anatuonya kwamba aliyetumwa anaweza kujifanya bwana. Paulo anakwenda upande mwingine: anakubali majina yote mawili, kwa sababu Yeye aliyemtuma alikwisha kutwaa namna ya mtumwa (Flp. 2:7). Utume usiopitia hapo hugeuka kuwa utawala, hata ukiwa na nyaraka zote za halali.

Kwa mwanafunzi atakayepangiwa usharika wa Ruvuma, penye Walutheri wachache kati ya Wakatoliki na Waanglikana wengi, pengine pasipo na jengo la kujivunia, historia hii ina neno la kumtia moyo. Hatakuwa ameenda mahali pasipo na misheni. Bwana mfufuka aliwatuma wanafunzi kwa namna ile ile aliyotumwa yeye na Baba (Yn. 20:21), na chumba walichokuwamo kilikuwa kimefungwa milango kwa hofu. Kanisa la Antiokia nalo halikungoja kutajirika ndipo liwatume Barnaba na Sauli (Mdo. 13:1–3). Ng'ambo ya ziwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Malawi lilianza mwaka 1982, na mwanzo wake una uhusiano wa karibu na Walutheri waliotoka Tanzania. Walioitwa yatima jana wametuma.

Basi mtu akituuliza misheni yetu iko wapi, tumwonyeshe kanisa na zahanati kwa shukrani, kisha tumwulize yeye naye ametumwa kwa nani.